Mkono wa Babu Vernon

Kuna dawa ya kuchua ambayo wazee wa huku hujipaka mabegani, yenye harufu ya kafuri na mnanaa. Majuzi, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Saint Paul, Marekani, mzee mmoja aliniomba nimpake. Nilipofungua kichupa harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa kitandani kwake bila kuombwa. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mtu.

"Mtu mzuri?" akauliza.

Mtu niliyemkumbuka aliishi ujana wake wote kwa kurusha mpira mgumu kama jiwe. Alimpofua mwenzake jicho, na mimi alinifundisha kazi hiyohiyo.

Nyinyi mliokulia mtaa wetu wa Frogtown miaka niliyokulia mimi mnazijua zile nyumba za mbao ambazo familia moja hukaa juu na nyingine chini. Juu tulikaa sisi: Baba, Mama, mdogo wangu Espoir, na mimi Faida. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na kabla ya kambi tulitoka Fizi, Kongo, ambako sikumbuki chochote isipokuwa kelele. Chini aliishi mzee Mmarekani mweusi, mrefu, ambaye mkono wake wa kulia haukunyooka kwenye kiwiko. Ulikaa umepinda kidogo wakati wote, kama wa mtu aliyebeba ndoo. Jina lake Vernon. Mama alituambia tumwite Babu, naye alipoelezwa maana yake alikubali.

Lakini siku tuliyomjua hakuwa Babu. Tulikuwa na siku tatu tu katika nyumba ile. Ilikuwa mchana, Mama anasonga bugali, mara kitu kikalia nyuma ya nyumba: pa. Kimya. Pa. Kimya. Baba alitudaka mimi na Espoir, akatubwaga sakafuni, akatulalia juu. Mama alikwisha kujilaza chini ya meza, mwiko bado mkononi. Pa. Nikasikia moyo wa Baba ukipiga mgongoni mwangu. Akanong'ona kwamba bunduki ni moja, na mwenye nayo hana haraka. Kisha akainuka, akachukua kisu cha nyama, akashuka ngazi.

Nilimfuata. Nilifikiri kwamba akifa peke yake hatutajua alipozikwa.

Nyuma ya nyumba tulimkuta mzee akirusha mpira kwenye ukuta wa gereji. Alimwona Baba, akakiona na kisu. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alinyoosha mkono taratibu, akampa Baba mpira. Baba akauminya. Ulikuwa mweupe, umeshonwa kwa nyuzi nyekundu, na haukubonyea hata kidogo. Akamrudishia. Halafu akakaa kwenye majani, kisu mapajani, akalia mbele ya mtu asiyemjua. Babu Vernon naye akaketi. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza, kwa hiyo walikaa tu. Kuanzia siku hiyo hakurusha mpira tena saa ambazo Baba alikuwa nyumbani.

Mama akaanza kunituma chini na sahani ya bugali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Babu Vernon alikula kila kitu, huku anatazama televisheni kubwa ya zamani iliyounganishwa na mashine ya kaseti za video. Siku moja nilimkuta anatazama kaseti yenye picha za mikwaruzo. Nilikuwa na miaka kumi, Kiingereza changu kilikuwa bado cha kubahatisha, na hiki ndicho nilichokiona: mtu amesimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mkononi ana kitu kama jiwe. Mbele yake mtu mwingine ana gongo. Wa kilimani anajipinda, anarusha. Yule wa gongo anaanguka kama gunia, miguu inatetemeka. Damu inatoka chini ya kofia yake ngumu. Wanaume kutoka pande mbili wanakimbia, wanararuana mashati, wanapigana ngumi za uso, mmoja anamkaba mwenzake shingo. Na maelfu ya watu wamesimama wanatazama.

Mtu wa kilimani, mwembamba, kijana, alikuwa yeye.

Hakuna aliyenieleza, nikajieleza mwenyewe. Nilielewa kwamba Amerika ina watu wanaolipwa kuwapiga wenzao mawe mbele ya umati, na kwamba Babu Vernon alikuwa mmoja wao. Kile kilima nilidhani ni kaburi la yule aliyepigwa mara ya mwisho, na mshindi husimama juu yake. Sikumwogopa. Kule nilikotoka, watu wenye uwezo wa kuua walikuwa maadui. Huyu alikuwa jirani, na alikuwa wetu.

Majira ya baridi yakaja. Shuleni palikuwa na kijana anaitwa Salim, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Familia yake ilitoka Mombasa. Mama yake alikuwa na duka dogo la nguo na vitambaa pale University Avenue. Salim alipenda kumwigiza Espoir anavyosema, maana Espoir alikuwa na kigugumizi. Siku moja nje ya shule alimtega mguu kwenye barafu. Espoir aliangukia uso. Nilimwinua, mdomo umejaa damu, akatema meno mawili ya mbele kwenye glovu yangu. Salim alikuwa anacheka na wenzake. Baadaye nilikuja kujua kwamba wale wenzake ndio waliomwita yeye gaidi wiki nzima, na siku hiyo walikuwa wamempa nafasi ya kucheka pamoja nao. Lakini hayo ni ya baadaye.

Nilishuka kwa Babu Vernon, nikamwambia nataka anifundishe kurusha.

Alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, furaha yake. Aliamini kuna mtoto anaupenda mchezo. Theluji ilipoyeyuka alinipeleka nyuma ya gereji, akachora mraba ukutani kwa chaki, akanionyesha namna ya kushika mpira kwa vidole viwili kwenye mshono. "Nguvu haitoki mkononi," alisema. "Inatoka mguuni, inapita kiunoni. Mkono ni mlango tu." Na tena: "Usiutazame mpira. Tazama unapotaka uende." Alikuwa mkali. Nikikosea mara tatu, ananirudisha mwanzo. Mwezi wa kwanza wa mazoezi vidole vilivimba, na kila jioni alinipaka dawa yake begani. Baada ya miezi mitatu niliweza kupiga tundu la kitasa cha gereji kutoka hatua ishirini.

Wakati wa mapumziko alinisimulia maisha yake. Alizaliwa Mississippi, mtoto wa sita kati ya saba, na alijifunza kulenga kwa kufukuza kunguru shambani. Akiwa na miaka kumi na minane alichukuliwa na ligi ndogo ya besiboli. Miaka saba alizunguka kwenye basi, miji midogo ambako mashabiki walimtukana rangi yake, na mahali fulani mtu alimmwagia kahawa ya moto shingoni kutoka jukwaani. Kovu lilikuwepo, alinionyesha. Halafu akaitwa ligi kuu. Akadumu misimu miwili na nusu.

"Ilikuwaje ikaisha?" nilimuuliza.

"Mkono ulichoka," akasema.

Nikaamini. Wakati ule nilikuwa nangoja siku yangu tu.

Siku hiyo ilikuwa ya jua. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilipita kichochoro cha nyuma ya maduka nikamwona Salim amekaa peke yake kwenye ngazi ya nyuma ya duka la mama yake, anakula aiskrimu. Hakuniona. Mpira ulikuwa mkononi. Kama ningerusha pale pale ungempata kisogoni au mgongoni. Sikurusha. Nilimwita kwanza.

"Salim."

Akageuka. Nikaitazama mboni ya jicho lake la kulia, nikapeleka mguu, kiuno, mkono.

Sauti ya mpira haikuwa pa. Ilikuwa kama mtu amekanyaga kikombe ndani ya taulo. Salim hakulia. Aliinama mbele, viganja usoni, damu ikapita katikati ya vidole ikachanganyika na aiskrimu, kisha akateleza ngazi zote nne. Nilingoja kujisikia mshindi. Nilichojisikia ni mkojo ukishuka miguuni. Mama yake alitoka na mkasi wa kukatia vitambaa, akamwona mwanawe, akaniona mimi. Nikakimbia.

Jioni alipanda ngazi zetu. Buibui lake lilikuwa na damu iliyokauka kifuani. Mama alimfungulia, akabaki ameshika mlango.

"Sikuja kutafuta ugomvi, dadangu," alisema Mama Salim. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwanangu yuko hospitali. Mfupa wa chini ya jicho umevunjika. Jicho lenyewe limefumba kwa uvimbe, na daktari asema hajui kama litaona. Mimi nimekuja kuuona huo mkono."

Mama akaniita. Nikanyoosha mkono. Mama Salim akaushika, akaugeuza juu na chini, akautazama kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kununua.

"Ni mdogo hivi," akasema. Akauachia, akashuka.

Baba alirudi kutoka kiwandani, mji wa Plymouth, akaambiwa. Hakuuliza mara mbili. Alivua mkanda. Baba hakuwa mtu wa kupiga, na nadhani ndiyo maana hakujua pa kuishia. Alipiga mgongo, mapaja, alipiga hata ukuta. "Tulikimbia watu wa namna hii," alikuwa anasema kila akishusha mkono. "Tulikimbia watu wa namna hii, na nimewaleta ndani ya nyumba." Mama alimshika shati, likachanika. Espoir alijifungia chooni.

Mlango ukafunguliwa. Babu Vernon alikuwa amepanda ngazi mbio, umri ule. Akaingia katikati. Mkanda ulikuwa hewani tayari, bizimu la chuma likampasua sikio. Hakujikinga. Alisimama tu, damu inamchuruzika kwenye ukosi, mpaka Baba akauona uso wake na mkono ukashuka wenyewe.

"Mwambie baba yako," akaniambia, "kwamba mpira ni wangu na mkono niliufundisha mimi. Mwambie nina jambo la kusema."

Basi nikawa mkalimani. Nilitafsiri sentensi moja moja, kwikwi zikinikata maneno. Babu Vernon akaeleza kuhusu ile kaseti. Kulikuwa na mpigaji wa timu nyingine, jina lake Walt. Siku hiyo Walt alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja, akasimama anautazama kwa raha kabla ya kuanza kukimbia. Katika mchezo ule hiyo ni dharau. Kocha akamwambia Vernon: akirudi, mlaze chini. Vernon akamlaza. Mfupa wa uso ulivunjika mara tatu. Walt hakucheza tena. Na Vernon, baada ya siku ile, kila akipanda kilimani mkono ulikataa kurusha karibu na mtu. Mipira ilikwenda mbali, wenye magongo wakaipiga wanavyotaka, timu ikamwacha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kile kilima hakikuwa kaburi, na kwamba kulenga watu hakukuwa kazi yenyewe.

"Yule mtu alikufa?" Mama akauliza.

"Hapana. Jicho la kushoto liliisha."

"Ulienda kumwona?"

Nikatafsiri. Babu Vernon akatikisa kichwa.

"Ju ya nini hukuenda?"

Akajifuta damu shingoni.

"Yuko wapi sasa?"

"Alioa huku. Anakaa Plymouth."

Baba akainua uso. "Plymouth hii yangu? Mimi naenda kule kila siku. Ni nusu saa."

"Najua ni nusu saa," akasema Babu Vernon. "Nimeijua nusu saa hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini."

Mama alichukua kitambaa, akakibana kwenye sikio lake. Halafu akaamua, kama alivyozoea kuamua mambo yaliyowashinda wanaume. "Bon. Faida ataenda kumwangukia Salim miguuni. Na weye Babu utaenda kwa mtu wako. Na huyu mtoto utaenda naye, akaone."

Nilikwenda hospitalini na Mama. Salim alikuwa amelala, nusu ya uso imefungwa bendeji, nusu nyingine ya rangi ya zambarau. Nilisema niliyoyapanga njiani: naomba msamaha, sikukusudia, nililenga ukuta ili kukutisha, mpira uliniponyoka. Mama Salim alinisikiliza bila kupepesa. Salim alifumba jicho lake moja. Tuliambiwa uvimbe ukipungua daktari atajua kama jicho linaona. Nilitoka nikijihisi mwepesi, nikauonea aibu wepesi ule.

Jumamosi, mimi na Babu Vernon tukaenda Plymouth na gari lake. Sikio lilikuwa na nyuzi tano. Hakuwasha redio. Tulifika kwenye nyumba ndogo yenye nyasi zilizokatwa vizuri, na mzee mmoja Mzungu, mnene, alikuwa amepiga magoti kwenye njia ya gereji akitengeneza mashine ya kukatia majani. Aliinua kichwa. Jicho moja lilitugeukia, la pili halikusogea. Lilikuwa la kioo.

Babu Vernon akasimama hatua mbili mbele yake. "Walt," akasema. "Mimi ni—"

"Nakujua."

Yule mzee akainuka, polepole, akishikilia goti. Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akampiga. Ilikuwa ngumi moja, ya kutoka chini, nzito, nikasikia meno yakigongana. Babu Vernon alirudi nyuma, akaangukia goti, akainuka, akasimama palepale aliposimama mwanzo. Mikono yake ilikuwa chini, viganja wazi. Walt akampiga tena. Mdomo ukapasuka. Babu Vernon akarudi mahali pake. Mara ya tatu Walt aliinua ngumi, ikakaa hewani, kisha akaitazama kama kitu cha mtu mwingine. Kidole chake cha kati kilikuwa kimevunjika.

Wakapumua, wazee wawili, kifua juu, kifua chini.

"Nina swali moja," akasema Walt. "Nimekaa nalo muda huu wote. Watu wote wananiambia mpira ulikuponyoka, au uliamriwa. Kipi?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelitafsiri mwenyewe nyumbani.

"Niliamriwa nikupige mbavuni," akasema Babu Vernon. Damu ilimfanya aseme vibaya. "Mbavuni, ndivyo alivyosema kocha. Kichwa nilichagua mimi. Ulicheka ulipokuwa unazunguka uwanja, na mimi nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nilikutazama usoni, nikarusha."

Walt alikaa chini kwenye saruji, karibu na mashine yake. Gari moja likapita barabarani, dereva akatupungia mkono, hakuna aliyempungia.

"Basi sikuwa mwendawazimu," hatimaye akasema. "Niliyaona macho yako. Mke wangu alikufa akiniambia nimeota."

Hakutukaribisha ndani. Hakumpa mkono wala hakusema amesamehe. Ila tulipokuwa tunaondoka aliingia gereji, akatoka na taulo, akamrushia Babu Vernon ajifute. Hawakuonana tena mpaka Babu Vernon alipofariki, nikiwa sekondari. Siku ya mazishi Walt alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, akaondoka kabla ya chakula.

Jumamosi ile nilirudi mjini na Babu Vernon. Tulipoikaribia University Avenue nilimwomba asimame mbele ya duka la Mama Salim. Hakuuliza sababu. Aliegesha.

Salim alikuwa ameruhusiwa kutoka asubuhi ile. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, bendeji imepunguzwa, jicho jekundu lakini wazi. Mama yake alikuwa anakunja khanga.

"Nilisema uongo hospitali," nikasema. "Sikulenga ukuta. Nililenga jicho lako. Ndiyo maana nilikuita jina, ili ugeuke."

Mama Salim aliacha kukunja. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Salim akashuka kwenye kigoda, akazunguka kaunta, akaja mpaka nikasikia harufu ya dawa ya hospitali kwenye bendeji yake. Ngumi yake ilikuwa imeinuka. Nikashusha mikono yangu, nikafumbua viganja, nikafumba macho.

Nikangoja. Hakikuja kitu.

"Toka dukani kwetu," akasema.

Nilipofumbua macho alikuwa ameshanipa mgongo. "Umefanya vyema kusema," Mama Salim akaniambia, bila ukali na bila upole. "Lakini usidhani kusema ndiyo kusamehewa. Nenda."

Jicho la Salim lilipona. Shavu lilibaki na bonde dogo, na alikuwa nalo tulipomaliza sekondari moja, miaka yote hiyo bila yeye kunisemesha, na mimi bila kuthubutu kumlaumu. Sikushika tena mpira.

Lakini siku ile nilikuwa sijui kitakachofuata. Nilitoka dukani, nikaingia garini, nikafunga mlango. Babu Vernon alikuwa ameushikilia mdomo kwa lile taulo. Akanitazama uso, shavu moja, kisha la pili, akitafuta alama.

"Amekupiga?"

"Hapana."

Akalishusha taulo mapajani.

"Basi kazi yako ya kulipa itakuwa ndefu kuliko yangu," akasema, akawasha gari.